Kioo Kabla ya Ndama

Mara ya kwanza kuona chuma kikiwa chekundu bila moto, nilikuwa nimepeleka mtungi wa maziwa uliokatika mkono. Fundi wetu wa kuchomelea ni mzee wa ng'ambo ya mto. Alifanya kazi ya umeme katika kiwanda cha chai upande wa Mogogosiek mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akastaafu, akarudi nyumbani na sanduku la spana na tabia ya kuongea na mashine. Nilimkuta bandani ameinama mbele ya bomba jembamba la shaba lililosokotwa kama springi ya kitanda. Maji yalikuwa yanapita ndani ya bomba hilo, yanatoka kwenye ndoo na kurudi kwenye ndoo. Mzee akachukua bolti kwa koleo, akaiingiza katikati ya mizunguko ya shaba bila kuigusisha popote, akabonyeza swichi. Mashine ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikahesabu kimoyomoyo. Sikuwa nimefika ishirini, bolti ikawa rangi ya nyanya mbivu.

Nilichovya kidole kwenye ndoo. Maji yalikuwa vuguvugu tu.

"Moto uko wapi?" nikamuuliza.

"Uko ndani ya bolti yenyewe. Hii koili inaita, bolti inaitika."

"Na wewe kwa nini haikuiti?"

"Mimi sina chuma. Nina mifupa na deni la Mungu."

Mimi nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama yangu alizikunja na kuziweka chini ya vikombe vya wageni, mahali ambapo mgeni hafiki. Fizikia sikuielewa hata siku moja. Lakini siku hiyo bandani nilisimama mpaka nikasahau mtungi. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchuma chai kwa baba asubuhi, na mchana kutunga shanga za mikanda na vishikio vya funguo ninavyouza mjini Kericho. Shanga tunazinunua kwa pakiti, zinatoka mbali, na barabarani kwetu chupa zimelala kwenye mitaro kila mahali. Kwa miaka nilikuwa nikizitazama hizo chupa kama mtu anavyotazama maembe ya jirani. Kwa hiyo nikauliza swali ambalo lilikuwa linaniwasha ulimi.

"Mzee, hii inaweza kuyeyusha chupa?"

Alizima swichi, akaiweka bolti juu ya jiwe, akaitazama ikirudi kuwa nyeusi.

"Hilo ndilo nililoijengea," akasema. "Lakini usimwambie mama."

Mama alikuwa nyuma yetu mlangoni na kikapu cha majani ya ng'ombe. Huyo ni mke wake. Sisi vijana tunamwita kogo, yaani nyanya, na yeye mumewe anamwita boiyot, mzee, kwa sauti ambayo inaweza kuwa heshima au kesi, inategemea siku. Alichuma chai miaka mingi kuliko umri wangu. Vidole vyake vimepinda kidogo kuelekea ndani kama bado vinatafuta majani mawili na kichipukizi.

"Nimesikia," akasema kogo. "Boiyot, hili banda lilijengwa la ndama. Ng'ombe yangu iko na mimba ya miezi saba. Ikizaa, ndama italala wapi? Kwa mgongo wako?"

"Itapata mahali."

"Mahali ni hapa. Hapa ndipo kuna paa haivuji. Hiyo radio yako ya maji ndiyo itafute mahali."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Kwetu mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa saa. Ikifika saa nane mchana unaisikia inakuja juu ya chai kama watu wanaopiga makofi. Mashine ya mzee ilikuwa na sehemu zinazochukia unyevu kuliko paka. Nyumba kubwa ilikuwa imejaa. Bila banda lile, mashine ingerudi kuwa vipande ndani ya gunia, na mzee mwenyewe alisema hana tena macho ya kuiunganisha upya, zile waya nyembamba alizichomea akiwa na miwani iliyopita.

Jumapili iliyofuata, watu wa ushirika wa kanisa wakiwa sebuleni kwao na chai mkononi, kogo aliitoa kesi mbele ya wote. Mzee aliweka kikombe chini, akasimama kabisa, akatoa ahadi.

"Ng'ombe ikizaa kabla sijamwaga kioo safi, banda ni la ndama. Nitaifungua mashine kwa mikono yangu mwenyewe, na hamtanisikia nikinung'unika."

Watu wakacheka, mmoja akasema amina. Mimi sikucheka. Nilimwona kogo pia hakucheka. Neno la mzee yule lilijulikana toka huku mpaka Kaplong.

Basi tukaanza kutafuta chungu.

Nilidhani kazi itakuwa mashine. Kumbe mashine ilikuwa tayari. Kitu kilichokosekana ni chombo cha kuwekea chupa. Mzee alinieleza kwa njia ambayo mwalimu wangu angeitumia, labda leo ningekuwa chuoni Kabianga nimebeba vitabu. Alisema: ukisimama malishoni ukaita ng'ombe wako kwa jina, yule wako atainua kichwa na wa jirani ataendelea kula. Koili inaita hivyo hivyo. Chuma kinasikia jina lake. Kioo baridi hakisikii kitu, unaweza kukiita mpaka kesho. Kwa hiyo lazima kiwekwe ndani ya kitu kinachosikia, hicho kipate moto, kikipashe kioo kilicho tumboni mwake.

"Kwa hiyo tunatafuta sufuria yenye masikio mazuri," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Andika hiyo," akasema. Alikuwa na daftari la mraba, la hesabu, na kweli nikaandika.

Tulianza na chuma kwa sababu kilikuwepo. Mzee alikata kipande cha bomba nene, akachomelea kitako, tukajaza chupa ya soda iliyopondwa. Chuma kilisikia vizuri sana mwanzoni. Kilipofika kwenye wekundu mkali sauti ya mashine ikabadilika, ikapanda juu, na mzee akafunga macho akisikiliza kama mtu anayepima ngoma. Akasema chuma kikifika moto fulani kinapoteza sumaku, na koili inaanza kuhangaika. Hilo hakulisoma kwenye skrini, alilisikia. Tulisukuma mbele hivyo hivyo. Kioo kikayeyuka, ndiyo, lakini ukuta wa bomba ulikuwa unabanduka magamba meusi, na magamba yakaingia ndani. Tulichomwaga kilikuwa cheusi kama lami ya barabara mpya. Kilipopoa kikapasuka chenyewe, tik, tik, juu ya kikaango.

Kogo alipita, akatazama. "Hiki ni kioo cha kuangalia nini? Kesho?"

Mzee akaandika kwenye daftari: chuma kinasikia, lakini kina uchafu wa moyo.

Usiku alisoma kwenye simu ya mjukuu, na asubuhi akaniambia wenye viwanda vikubwa wanatumia platini, madini ambayo hayana uchafu wowote na hayaogopi moto. Kogo akauliza platini inapatikana wapi. Mzee akasema mahali dhahabu inapatikana, lakini kwa watu wanaoona dhahabu ni ya maskini. Kogo akamwambia auze shamba, halafu wakae wote wawili ndani ya hicho chungu.

Cha pili kilikuwa grafaiti. Ni kile kitu cheusi kilicho ndani ya penseli, lakini kikiwa kikubwa, kimetengenezwa chungu. Mzee alikipata kwa fundi wa Kericho anayeyeyusha shaba nyeupe za mabomba. Kilikuwa kimechoka, mdomo umelika upande mmoja. Kukiona kikiwaka kwenye koili ilikuwa raha. Hakikuhangaika, hakikubadilisha sauti. Kiliwaka sawasawa kutoka chini hadi juu, rangi ya chungwa kisha rangi ya mahindi, na mzee akasema polepole, "Huyu ndiye mwenye masikio."

Lakini grafaiti ikiwa na moto mkali na hewa, inajila yenyewe. Baada ya mara mbili ukuta ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Na kioo kilichogusana nayo kilitoka kijivu, kimejaa mapovu. Mzee hakusononeka hata kidogo. Mimi ndiye nilikuwa karibu kulia, maana tumbo la ng'ombe lilikuwa linashuka na kila mtu alikuwa akiliona. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka ganda la grafaiti kwenye goti moja, na kikombe changu cha chai cha udongo kwenye goti lingine. Akavitazama vyote viwili muda mrefu. Kisha akachukua kikombe, chai bado ndani, akakitumbukiza ndani ya grafaiti.

Kikaenea.

"Mmoja asikie," akasema, "mwingine ashike."

Chungu cheusi nje, chungu cha udongo ndani. Koili inamwita mweusi, mweusi anapata moto, udongo unakaa katikati kama mkalimani, na kioo hakigusi grafaiti kabisa. Kwa nje tungefunga sufi nyeupe ya boila, ile wanayovisha mabomba kiwandani ili joto lisitoroke, na kuweka kifuniko ili hewa isiile grafaiti. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo. Kwa kikombe changu cha chai.

Kilichobaki ni udongo upi. Mimi, kwa ushujaa wangu, nilifinyanga chungu kwa udongo mwekundu wa mto wetu. Kwenye moto kililegea kama ugali wa maji, kikainama upande mmoja, kikalala. Mzee akasema tuache kujifanya tunajua, twende kwa anayejua.

Anayejua alikuwa Kaplong, sokoni, mama mmoja anayetengeneza majiko ya udongo. Wazazi wake walihamia huku kutoka nyanda za magharibi kuchuma chai, na mama yake alikuja na ufinyanzi kichwani. Anakaa katikati ya majiko yake akiwa amevaa aproni ya rangi ya udongo, ambayo nafikiri zamani ilikuwa ya rangi nyingine. Mzee alieleza tunachotaka. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kulainisha jiko kwa kipande cha plastiki.

"Kikombe cha kupika chupa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mkishapika, mtakula na nini?"

"Na sukuma wiki," mzee akajibu.

Akacheka mpaka akaweka plastiki chini. Kisha akaanza kuuliza maswali, na ghafla haukuwa tena mchezo. Moto wa namna gani, wa kuni au wa makaa? Unapanda haraka au polepole? Kitu kinachoyeyuka kinauma udongo kama chumvi inavyouma? Mzee alivua kofia. Nilimwona akiivua, kama anavyovua kanisani, akaishika mbele yake na kujibu swali moja baada ya lingine.

Mama alisema udongo wa jiko hautoshi, utalainika. Akatuonyesha mwingine mweupe kwenye ndoo, anaoununua kwa watu wanaochimba mbali. "Huu ni mgumu kama mama mkwe. Moto haumlainishi." Ndani yake anachanganya vigae vya majiko yaliyovunjika, vilivyosagwa na kuchekechwa, kwa sababu, alisema, kigae kimeshapita motoni, kinajua njia, kinawaongoza wengine. Udongo mtupu ukipata moto unanywea wote pamoja na kupasuka. Alitufinyangia vyungu vitatu vya ukubwa wa kikombe cha uji, akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Tuliporudi, alivigonga kwa kifundo cha kidole na kutuwekea sikioni kimoja kimoja. "Chungu kizima kinasema. Chenye ufa kinakohoa." Vyote vitatu vilisema. Na akatuonya: mara ya kwanza, moto upande polepole, kama unamwamsha mtoto mgonjwa.

Cha kwanza tulikiharibu kwa haraka yetu. Hatukumwamsha mtoto, tulimvuta miguu. Kikapasuka tah kabla kioo hakijalainika. Mzee alikubali kosa hapo hapo na kuliandika.

Cha pili nilikiharibu mimi, na hilo ndilo jambo ambalo nimeahirisha kuliandika tangu mwanzo wa kurasa hizi.

Kwetu nyumbani maziwa ya mursik, yaani ya mgando, yanalala kwenye kibuyu. Kabla ya kutia maziwa, mama yangu anachoma kijiti cha senetwet, mti wenye maua ya njano, anausugua mkaa wake ndani ya kibuyu mpaka ukuta uwe mweusi unaong'aa. Mkaa unaziba vitundu, unatoa harufu nzuri, maziwa hayashiki, hayaozi. Nimelifanya hilo tangu nikiwa na miaka sita. Kwetu sisi, chombo ambacho hakijasuguliwa mkaa ni chombo ambacho hakijaoshwa. Nilipokitazama kile chungu cheupe cha mama wa Kaplong, kikiwa na vitundu vyake vidogo, mkono wangu ulijua la kufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Alhamisi asubuhi, mzee akiwa nje anabadilisha maji ya ndoo, nilitoa mfukoni mkaa wa senetwet nikakisugua ndani, vizuri kabisa, kama kibuyu cha harusi. Nikatia vipande vya chupa juu yake. Sikumwambia. Nilitaka kioo kitoke chepesi, kisigande, ndipo niseme, ni mimi.

Moto ulipanda polepole, sawasawa. Kioo kikalainika. Kisha kikaanza kuumuka. Kilipanda kama maziwa yanayochemka ukiwa umegeuka, povu juu ya povu, kikavuka mdomo, kikashuka juu ya grafaiti kikielekea kwenye koili. Mzee aliruka kuzima. Kama kingetoboa shaba, maji yangekutana na kioo cha moto na leo ningeandika habari nyingine. Kilisimama kwenye sufi, unene wa kidole kabla ya shaba.

Kilichobaki ndani ya chungu kilikuwa cha kahawia iliyoiva, kimejaa povu.

Mzee aliketi juu ya ndoo. "Udongo wa yule mama una kitu," akasema. "Si mweupe kama anavyodai. Kaplong hatutarudi."

Nilikuwa na weusi wa mkaa chini ya kucha. Nikaingiza mikono mfukoni, nikanyamaza. Nilinyamaza njia yote hadi nyumbani, na kwenye chakula, na asubuhi kwenye chai nilichuma majani mazee na machanga pamoja hadi baba akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi hiyo hiyo ya Ijumaa, kabla ya saa nne, ng'ombe akazaa. Ndama jike mwenye nyota nyeupe usoni. Nilisikia habari nikiwa shambani nikashuka mbio. Kogo alikuwa nyuma ya nyumba akimfuta ndama kwa gunia, akiimba. Mzee alikuwa ameshampongeza ng'ombe kwa kumpapasa mgongo, akaenda bandani. Nilimkuta na spana. Alikuwa ameshatoa ndoo na pampu na kuvipanga mlangoni kwa mpangilio, akifuta kila kimoja kwa kitambaa. Hakununa. Alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisa, kwa upole.

Huo mluzi ndio ulionishinda.

"Mzee, ni mkaa," nikasema. "Nilisugua mkaa ndani. Kama kibuyu. Udongo hauna makosa."

Aliacha kupiga mluzi. Nilisubiri kelele. Aliuliza, "Mkaa wa mti gani?"

"Senetwet."

"Kiasi gani?"

"Mpaka kikang'aa."

Akavua miwani, akaifuta, mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unajua chupa za kahawia zinatengenezwaje? Wanatia kitu cha jamii ya mkaa, kusudi. Nimesoma. Binti, umetengeneza chupa ya bia. Ndani ya boma la watu wa kanisa."

Kisha akatoa daftari na kuandika yote, mti, kiasi, povu, rangi, akiniuliza tena na tena asikosee. Alipomaliza akalifunga. Halafu akasema, "Basi yule mama alisema kweli, na mimi nikamsema vibaya. Nitaenda nimwombe msamaha." Mama wa Kaplong hakujua kama amesemwa. Aliyesikia ni mimi peke yangu. Na kweli alienda, siku ya soko, akavua kofia tena.

Lakini siku hiyo, baada ya kuyasema hayo, aliinua spana na kuendelea kufungua bolti. Nikamwambia bado kuna chungu kimoja. Akasema, "Najua. Na ng'ombe imezaa." Ahadi haikusema habari za mkaa.

Nikamwendea kogo. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimepiga magoti kwenye majani, si kwa sababu ya adabu peke yake, ndama alikuwa anajaribu kusimama na mtu alihitajika kumshika. Kogo alisikiliza akimwekea kidole mdomoni ajifunze kunyonya.

"Kwa hiyo ulisugua."

"Ndiyo, kogo."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Mama yako alikufundisha." Akatikisa kichwa, na nikaona tabasamu linatafuta njia. "Kosa ni lako, si la boiyot. Haitakuwa haki alipe. Leo ndama italala sebuleni, nyuma ya kochi. Kesho mvua ikianza, siku imeisha. Mwambie hivyo. Na umwambie asinishukuru, atanichosha."

Jumamosi tuliunganisha mashine toka saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alinipa waya nyembamba, yeye akaniambia tu ipi inaenda wapi, mikono ikawa yangu. Tulikifuta chungu cha tatu kwa kitambaa kikavu, akakigonga, akakisikiliza, akanipa nikisikilize. Kikasema. Tukatia chupa moja ya kijani hafifu, iliyooshwa mara tatu. Kisha tukamwamsha mtoto mgonjwa: dakika chache, tunazima, tunangoja, dakika chache tena. Saa nne, saa tano. Kogo alikuja na chai akakaa mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Stima ikapepesa mara moja, wote watatu tukanyanyua macho kwenye balbu kama watu wanaoomba. Ikarudi.

Saa sita na nusu mzee akainua kifuniko kwa koleo. Ndani palikuwa na mwanga uliotulia, wa njano, bila povu, umelala kama asali. Sijui kueleza vizuri. Nilikuwa nimeviokota vipande hivyo kwenye mtaro vikiwa na matope.

Mzee alimwaga mwenyewe. Kioo kilishuka kama uzi mnene, kikajikunja juu ya kikaango kilichopashwa moto, kikatandaa ukubwa wa chapati ndogo. Wekundu ulipotoka kidogo tukaona makwaruzo ya kikaango chini yake. Kikaango chenyewe, kupitia kioo.

"Kisipopoa polepole kitapasuka," mzee akasema. "Kinahitaji jivu la moto mpaka kesho."

Kogo alishasimama. Ana jiko la zamani nyuma ya nyumba, la mafiga matatu, kuta nyeusi kwa moshi wa miaka arobaini, ambalo halijapikwa kitu tangu watoto wamletee gesi. Asubuhi ile, bila kutuambia, alikuwa amewasha kuni humo. Jivu lilikuwa tayari, jingi, linawaka kwa ndani. Alilifukua kwa koleo, mzee akashusha kioo, naye akakifunika jivu taratibu, akilipigapiga juu kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Tulipotoka, matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati. Mzee akaenda moja kwa moja bandani, akaanza kufungua mashine: kioo kilikuwa kimetoka, lakini ng'ombe alikuwa ametangulia.

Jumapili baada ya kanisa kogo hakubadilisha hata nguo. Alichutama na gauni lake la zambarau, akafukua. Kilikuwa kizima. Akakipangusa na pindo la leso, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa na rangi ya kijani ya majani yaliyolowekwa kwenye maji, hafifu mno, na mapovu.

"Saba," akasema. "Nimehesabu."

"Mapovu saba ni machache," mzee akasema.

"Sikusema ni mengi." Akakitazama tena, kwa muda, na uso wake ukawa wa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye. "Ndama ameingia bandani jana jioni. Banda ni lake. Nilisema na ulisema."

"Tulisema."

"Mimi hili jiko silitumii." Alisema akitazama kioo, si mumewe. "Lina paa. Moshi umekausha hizi kuta mpaka mende hawaji. Kutoka kwa mita ya stima mpaka hapa ni waya mita ngapi?"

Nafikiri mzee alikumbuka ameambiwa asishukuru. Akatoa tepu kwenye mfuko wa koti la kanisa, maana anatembea nayo hata mbele za Mungu, akanipa ncha niende nayo hadi ukutani penye mita. Nilipofika nikavuta ikakaza.

"Na mafiga yangu hayatoki," nikamsikia kogo akisema ndani. "Mtayazunguka."